Besi Haisikiki Mpaka Inyamaze: Somo Kutoka Maisha ya Richard Davis

Jumapili moja muhula uliopita, kwaya yetu ya chuo ilikuwa katikati ya wimbo wa pili pale waya wa gita langu la besi ulipokatika. Nikabaki nimekumbatia gita lisilolia. Waimbaji hawakusimama, na wala hapakuwa na sababu ya kusimama. Ila baada ya ubeti mmoja tu mwendo ulianza kukimbia, sauti ya tatu ikapanda juu ya ufunguo wake, na mpiga dramu akawa kama anawafukuzia. Tulipotoka nje nilisubiri mtu aniulize besi ilikuwa wapi. Hakuna aliyeuliza. Wengi walisema, "Leo mmeimba kama watu waliochoka."

Wiki hiyohiyo jamaa yangu wa chumbani, anayesoma uhandisi, aliniuliza swali ambalo kila anayesoma ualimu hapa chuoni ameshaulizwa, kwenye vimbwete au kwenye foleni ya chakula: "Hivi kaka, ualimu ulichagua mwenyewe, au kozi nyingine zilikukataa?" Alikuwa anatania, lakini swali lilibaki kooni. Nilichofanya usiku ule ni kurudi kwa mpiga besi ninayempenda kuliko wote, Mmarekani Richard Davis, na kuyasoma upya maisha yake nikiwa na maswali mawili: kwa nini besi haisikiki mpaka inyamaze, na kwa nini mtu aliyefika kileleni aamue kushuka akafundishe. Makala hii ndiyo daftari langu la usiku ule, limepangwa vizuri kidogo.

1. Besi inafanya kazi gani?

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Besi ya Davis haikuwa gita la besi la umeme tunalolizoea kwenye bendi na makwaya. Ilikuwa ile besi kubwa ya kusimama, ndugu mkubwa wa fidla, yenye urefu wa kumzidi hata mpigaji wake. Kama umewahi kuitazama Culture Musical Club ya Zanzibar ikipiga taarab, umeiona: ipo nyuma ya wenye fidla, na mpigaji amesimama ameikumbatia. Ina nyuzi nne nene. Unaweza kuzidonoa kwa vidole, au kuzisugua kwa upinde kama fidla. Wapiga jazi wengi hudonoa. Wapigaji wa okestra za simfoni hutumia upinde zaidi. Davis alimudu vyote viwili kwa kiwango ambacho wachache sana walikifikia.

Na tukisema jazi, tusichanganye na majina ya bendi zetu za zamani. Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz na Morogoro Jazz zilibeba jina hilo, lakini zilipiga dansi. Jazi ya Davis ni muziki uliozaliwa na Wamarekani weusi, ambao ndani yake mpigaji hupewa nafasi ya kubuni papo kwa papo, mbele ya wasikilizaji, bila kuandikiwa.

Ndani ya uhuru huo, besi ina kazi mbili. Ya kwanza ni mwendo: katika jazi ya kawaida mpiga besi hupiga noti moja kwa kila pigo, nne kwa kila kipimo, kama mtu anayetembea bila haraka. Ya pili ni msingi: noti yake ya chini ndiyo inayowaambia wengine wako wapi ndani ya wimbo. Mpiga tarumbeta anaweza kuruka anakotaka kwa sababu kuna mtu chini anayejua nyumbani ni wapi. Msikilizaji humpigia makofi aliyeruka. Yule wa chini anakumbukwa akikosekana, na hata hapo, kama ilivyotokea kwenye kwaya yetu, watu huona tatizo bila kujua jina lake.

2. Mtoto wa Chicago na mwalimu wake

Richard Davis alizaliwa Chicago tarehe 15 Aprili 1930. Mama yake mzazi alifariki wakati wa kujifungua, naye akalelewa na familia nyingine. Kabla hajagusa besi ya nyuzi, alikuwa ameshakuwa besi ya kinywa: aliimba sauti ya chini katika kikundi cha watatu pamoja na kaka zake.

Chombo alikianza akiwa sekondari, katika shule ya DuSable, upande wa kusini wa Chicago. Chicago ya miaka ile ilikuwa imewatenga weusi kwa mitaa, na DuSable ilikuwa shule ya watoto weusi. Mwalimu wa muziki pale aliitwa Walter Dyett. Naomba ulishike jina hilo, nitalirudia. Dyett alikuwa mkali, mtu wa nidhamu na wa mazoezi yasiyoisha. Hakuwa nyota wa dunia. Lakini kwenye darasa lake walipita wapiga saksafoni Gene Ammons, Johnny Griffin na Von Freeman, na wote watatu wamo kwenye historia ya jazi. Hebu fikiria: shule moja ya sekondari, mwalimu mmoja, na majina hayo yote.

Baada ya sekondari Davis alisoma besi kwa Rudolf Fahsbender, mpigaji wa okestra ya simfoni ya Chicago, na papo hapo akajiunga na chuo cha muziki cha VanderCook. Hapa ndipo nilipokaa sawa kwenye kiti. VanderCook ni chuo cha kuandaa walimu wa muziki. Shahada aliyoipata mwaka 1952 ilikuwa ya elimu ya muziki. Yaani huyu bwana, ambaye baadaye atakuwa mmoja wa wapiga besi wakubwa wa karne, alikuwa na digrii ya ualimu kama mimi nitakavyokuwa nayo, nisipodisko.

Upo upande mchungu wa habari hii. Kijana aliyefunzwa upinde na mpigaji wa simfoni angetazamiwa kwenda okestra ya simfoni. Lakini okestra kubwa za Marekani wakati ule zilikuwa karibu zote za weupe watupu. Weusi waliopenya walihesabika kwa vidole. Mmoja wao, Henry Lewis, naye mpiga besi, aliingia okestra ya Los Angeles mwaka 1948. Kwa wengine waliobaki, kuupiga upinde vizuri hakukutosha kufungua mlango. Davis akageukia mlango uliokuwa wazi, yaani kumbi za dansi na jazi.

3. New York: miaka 23 ya kuwa chini ya kila mtu

Mwaka 1954 alifika New York akiwa na mpiga piano Don Shirley. Mwaka 1957 akajiunga na kikundi cha mwimbaji Sarah Vaughan, mmoja wa sauti kubwa kabisa za jazi, akazunguka naye miaka kadhaa. Anayempigia besi mwimbaji wa aina ile hujifunza jambo moja haraka: kusikiliza kwanza. Mwimbaji akichelewesha neno, besi lazima ijue kama itamngoja au itashika mwendo.

Miaka ya 1960 ndiyo iliyomtambulisha kwa ujasiri wake. Alipiga na Eric Dolphy, mwanamuziki aliyekuwa akisukuma jazi kwenda mahali isipopajua. Alipiga na mpiga piano Andrew Hill. Tangu 1966 hadi 1972 alikuwa kwenye bendi kubwa ya Thad Jones na Mel Lewis, iliyokuwa ikipiga kila Jumatatu usiku katika klabu ya Village Vanguard. Na wakati huohuo alikuwa akipiga simfoni pia, zikiwemo kazi zilizoongozwa na Igor Stravinsky mwenyewe na Leonard Bernstein. Mlango uliofungwa aliuingia kwa dirishani, akiwa mpigaji wa kukodiwa.

Mwaka 1968 alikodiwa kurekodi na kijana wa Ireland ya Kaskazini, Van Morrison, mwenye miaka 23. Albamu iliyotoka, Astral Weeks, mpaka leo inahesabiwa miongoni mwa albamu kubwa za karne. Wapigaji hawakupewa karatasi za noti. Kijana aliimba na gita lake, na wale waliomzunguka walimfuata, huku Davis akiwa kama nahodha asiyetajwa. Mwaka 1975 akapiga kwenye albamu ya Bruce Springsteen iitwayo Born to Run. Kwa hiyo inawezekana kabisa umeshamsikia Davis bila kumjua. Wakosoaji wa jarida la DownBeat ndio waliomjua: kuanzia 1967 hadi 1974 walimchagua mpiga besi bora.

4. Zoezi la kusikiliza

Hii ni makala ya kujifunza, kwa hiyo kuna zoezi. Chukua spika za masikioni, maana spika ya simu haiwezi kuitoa besi. Sikiliza vipande vitatu.

Kwanza, Alone Together, kwenye rekodi zake na Dolphy za mwaka 1963. Ni watu wawili tu kwa zaidi ya dakika 13: klarineti ya besi na besi. Hakuna dramu, hakuna piano. Jiulize nani anaongoza. Utakuta jibu linabadilika kila baada ya muda, na hakuna anayeng'ang'ania usukani.

Pili, Hat and Beard, wimbo wa kwanza kwenye albamu ya Dolphy iitwayo Out to Lunch! ya 1964. Hapa pana tarumbeta ya Freddie Hubbard, vibrafoni ya Bobby Hutcherson, na dramu za Tony Williams aliyekuwa na miaka 18. Hapana piano, kwa hiyo ile sakafu ambayo kawaida hushikwa na piano haipo. Fuata besi peke yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Wote wanapoonekana kupotea, angalia nani amebeba ramani.

Tatu, wimbo wa kwanza wa Astral Weeks, wenye jina hilohilo la albamu. Umejengwa juu ya hatua mbili tu za muziki zinazorudiwarudiwa. Mpigaji mvivu angepiga noti mbili akaenda kula. Sikiliza Davis anavyozunguka ndani ya nafasi hiyo ndogo, na jinsi mwimbaji anavyozidi kujiamini kadiri wimbo unavyokwenda.

Mimi nilivisikiliza vyote kwa usiku mmoja, na nilichokiona ni kwamba Davis hapigi kwa namna moja na watu hawa watatu. Kwa Dolphy anabishana. Kwa Tony Williams anatuliza. Kwa Morrison anatia moyo. Anamsoma mtu aliye mbele yake, kisha anampa kile anachokikosa. Nilikumbuka lekcha zetu za saikolojia ya elimu, ambako tunaambiwa mwalimu aanze pale mwanafunzi alipo. Davis alikuwa anafundisha tayari, miaka mingi kabla hajapewa chaki.

5. Madison: digrii iliyongoja miaka 25

Mwaka 1977, baada ya miaka 23 ya New York, Davis alihama. Alikwenda mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, kuwa profesa katika chuo kikuu cha pale. Jimbo lile lina baridi kali, wengi wa wakazi wake ni weupe, na liko mbali na klabu na studio zilizompa jina. Alifundisha besi, historia ya jazi na ubunifu wa papo kwa papo. Alikaa miaka 39, mpaka alipostaafu 2016.

Hesabu hiyo ifanye mwenyewe: alifundisha Madison miaka mingi kuliko aliyopiga New York. Kwa mizani ya kawaida tunayotumia hapa chuoni, sehemu ya pili ya maisha yake ni kushuka. Lakini tazama alichokifanya huko.

Mwaka 1993 alianzisha taasisi ya wapiga besi wachanga. Kila mwaka iliwakusanya watoto wa kuanzia miaka 3 hadi vijana wa miaka 18, na kuwaletea mabingwa wa kuwafundisha. Miaka 3, jamani! Kwa mtoto wa umri huo hutengenezwa besi ndogo inayolingana na kimo chake. Mtu aliyepiga mbele ya Stravinsky alikuwa akijali mahali vidole vya mtoto wa chekechea vinapokaa kwenye uzi.

Mwaka 1998 alianzisha chuoni kwake mpango wa kuwasaidia wanafunzi wa rangi mbalimbali wabaki chuoni mpaka wahitimu, na kuwafanya watu waelewane. Hili linahitaji maelezo. Kudahiliwa chuo ni jambo moja, na kumaliza ni jingine. Sisi tunaolijua bumu linalochelewa na hofu ya sapu tunalielewa bila kuhadithiwa. Mwanafunzi mweusi katika chuo chenye weupe wengi alikuwa na mzigo wa ziada, ule wa kujiona mgeni darasani. Davis alijua mgeni anajisikiaje. Mwaka 2000 akaanzisha pia Madison tawi la taasisi za kuponya ubaguzi wa rangi, ambako watu wa rangi zote walikaa pamoja, wakasoma na kuzungumza waziwazi juu ya jambo ambalo wengi hulikwepa.

Ukiunganisha na ile habari ya okestra zilizomfungia mlango, unaona mstari mmoja. Kijana aliyefungiwa mlango mwaka 1952 alizeeka akiwa anashikilia mlango wazi ili wengine wapite.

Heshima zilimfuata hukohuko. Mwaka 2014 alipewa tuzo ya Bingwa wa Jazi, ambayo ndiyo ya juu kabisa inayotolewa na serikali ya Marekani kwa muziki huo. Madison nayo iliupa mtaa mmoja jina lake. Alifariki tarehe 6 Septemba 2023, akiwa na miaka 93.

6. Pingamizi la jamaa yangu

Nilimsimulia jamaa yangu wa chumbani haya yote. Alisikiliza, kisha akasema, "Sawa kaka, lakini yule alikuwa profesa Marekani. Ana mshahara, ana jina. Wewe utapelekwa shule ya kata yenye watoto themanini darasani na gita moja lisilo na nyuzi. Tena hapo ni kama ajira zenyewe zitatoka."

Sikumjibu papo hapo, kwa sababu alichosema ni kweli. Tunawajua kaka na dada zetu waliohitimu ualimu na wako mtaani wakisubiri. Makala inayosema "ualimu ni wito" halafu ikaishia hapo inawatukana. Wito haulipi kodi ya chumba.

Ila siku ya pili yake niligundua kwamba tulikuwa tunamtazama mtu asiye sahihi. Mfano wangu mimi hauko Madison. Uko DuSable. Walter Dyett hakuwa profesa. Alikuwa mwalimu wa sekondari, katika mtaa uliotengwa, mbele ya watoto ambao nchi yao ilikuwa imeshaamua hawatafika mbali. Kama Dyett angefundisha kwa kusukuma siku tu, Richard Davis huenda angebaki kuwa kijana mwenye sauti nzito anayeimba na kaka zake. Pasingekuwa na yule tunayemsikia kwenye Astral Weeks, wala watoto wa miaka 3 wenye besi ndogo pale Madison. Dyett ndiye noti ya chini. Mamilioni wamesikia matunda ya kazi yake na hawajawahi kulisikia jina lake.

Kwa hiyo jibu langu kwa jamaa yangu, ambalo nililitoa tukiwa tunakula wali maharage, lilikuwa hivi: kupigania ajira na mshahara wa walimu ni haki, na serikali yetu ya wanafunzi iendelee kulisema hilo kwa sauti. Lakini hilo ni swali la malipo. Swali lake la kwanza lilikuwa la thamani, na kwenye thamani sikubali tena kutaniwa. Anayedhani mwalimu ni mtu aliyeshindwa kwingine, amuulize mpiga tarumbeta angeruka vipi bila mtu wa chini. Jamaa alicheka, akasema nimeanza kuhubiri. Kisha akaniambia mwalimu wake wa fizikia wa kidato cha tatu ndiye aliyemfanya apende uhandisi, na kwamba hajawahi kumpigia simu tangu amalize shule.

Mwezi wa saba nakwenda fildi, mazoezi ya kufundisha. Nimepangiwa shule ambayo haina kifaa chochote cha muziki. Nitabeba gita langu la besi na waya mpya, na nitaanzia kwenye kuimba sauti ya chini, kama alivyoanzia Davis.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

1. Taja kazi mbili za besi ndani ya bendi, kisha eleza nini hutokea kila moja ikikosekana. Tumia mfano wa kikundi unachokijua.

2. Sikiliza vipande vitatu vya sehemu ya 4. Je, unakubali kwamba Davis anapiga tofauti na kila mwenzake? Eleza ulichosikia, usieleze ulichosoma.

3. Davis alikuwa na digrii ya ualimu mwaka 1952 na akaanza uprofesa 1977. Je, miaka 25 ya katikati ilikuwa kuchelewa au maandalizi?

4. Ni nani aliyekuwa Dyett wako? Kama bado yupo, utampigia lini?